Nilivyotoa Uzito wa Sanduku

Miguu hii ambayo leo hainifikishi bombani bila kupumzika njiani iliwahi kumkimbiza bata kutwa nzima. Nikikumbuka nacheka, ingawa siku hizi hata kucheka kunaumiza mbavu. Ilikuwa wakati reli ya kwenda Zambia inajengwa. Wachina walikuwa na kambi karibu na hapa Makambako, na mpishi wao alifuga bata. Sisi vibarua wa kuponda kokoto tuliwatazama wale bata wakinenepa kutupita. Siku moja jike mmoja akapotea. Mpishi yule, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akatujia analalamika kwa lugha yake huku anapigapiga mikono kama mabawa ili tuelewe. Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi nikamhurumia, nikaenda kutafuta. Nilimkuta bata kwenye kijito, akanikimbia, nikamfuata kwenye majani, akanikimbia tena, na jua linazama nikamkuta ndani ya kalavati amelalia mayai tisa, ananitazama kama vile mwizi ni mimi.

Mpishi alifurahi akanipa daftari. Si daftari la mistari, ni lile la hesabu, lenye vyumba vidogo vidogo ukurasa mzima. Na penseli. Nilikuwa nimeishia darasa la nne. Baba alinitoa shule nikalime pareto, na simlaumu, maana hata mwalimu alikuwa amenichoka. Lakini mwandiko nilikuwa nao. Nikaanza kuandika troli za kokoto tulizojaza kwa siku, tarakimu moja kwenye kila chumba, bila kazi yoyote, basi tu kwa kuwa daftari lipo. Msimamizi akaniona, akanitoa kwenye nyundo akanipa kazi ya kuhesabu. Reli ilipokwisha, ghala moja hapa stesheni likataka mtu anayeandika bila kufutafuta. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye mizani, na kwenye mizani nikazeekea.

Nasema nilizeekea, sitanii. Ilikuwa mizani kubwa ya chuma, ile ya kupandisha gunia juu ya ubao na kusogeza jiwe dogo kwenye mkono wake mpaka utulie. Zamani mahindi yalikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika, na msimu ukiisha tulilala. Soko lilipoachiwa, kila mwenye lori akawa mnunuzi. Malori yalijipanga kutoka njia panda mpaka karibu na stesheni, ya Songea, ya Mbeya, ya Dar, na kila dereva alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Hatukulala tena. Nilikuwa nikifumba macho naona jiwe la mizani linasogea.

Tajiri wangu wa wakati huo alikuwa Mwislamu mmoja wa Kondoa, mtu mwenye imani yake. Alikuwa na jambo moja ambalo hakulisamehe: kuuza gunia kwa bei ya mahindi. Kila gunia likipanda ubaoni alisema, "Toa gunia, mzee, tusile haramu." Nami natoa kilo moja ya mfuko wenyewe ndipo naandika. Mahindi yakiwa hayajakauka vizuri, tunatoa tena kidogo kwa ajili ya maji, maana maji nayo yanajifanya mahindi. Miaka kumi na zaidi nilisikia hilo neno kutwa mara mia mbili. Mke wangu alisema hata usingizini nilikuwa natamka, "Toa gunia." Huo ndio uliokuwa usomi wangu wote: chombo kinaongeza, wewe unapunguza. Sikupata kuona chombo kinachopunguza.

Sasa ndiyo nafika kwa mtoto wa marehemu kaka yangu.

Huyu alisoma. Katika ukoo wetu wote wa wakulima wa Njombe, watu wa kanisa na viazi, yeye peke yake alikwenda akavuka bahari akasomea mambo ya chembe, yaani vile vitu vidogo ambavyo kila kitu kimejengwa kwavyo. Alirudi mwishoni mwa miaka ya tisini, ufadhili wake umekwisha na kazi yake haijaisha. Mama yake, shemeji yangu, alikuwa mgonjwa, amehamia Lugarawa, kule Ludewa, kwa binti yake ili awe karibu na hospitali ya misheni. Nyumba yao ya Njombe ilifungwa. Basi kijana akaja kukaa kwangu, na begi moja la nguo na katoni mbili za karatasi.

Karatasi zile! Zilikuwa zimetoka kwenye kompyuta, zimeungana kama mkeka, tarakimu juu ya tarakimu. Alisema kompyuta kubwa ya huko ilikaa miezi inazitapika. Mke wangu alizitazama akasema, "Mwanangu, miaka yote hiyo Ulaya, na baridi hii, si ungeniletea hata blanketi?"

"Mama mdogo, blanketi lipo ndani ya hizi," akamjibu. "Nikimaliza tu."

"Haya, nitajifunika karatasi."

Alichokuwa anakitafuta nitakieleza nilivyokielewa mimi. Alisema ndani ya kila kitu, hata ndani ya hindi, kuna chembe mbili zinazofanana kama pacha. Moja ina umeme, nyingine haina. Ile isiyo na umeme ni nzito kidogo kuliko mwenzake. Nikamuuliza kidogo kiasi gani, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Akafikiri akasema, "Baba mdogo, chukua gunia la kilo mia. Tofauti ni gramu mia na arobaini hivi."

"Hizo sisi tunazifagia," nikamwambia.

"Ukizifagia hizo hakuna maji, hakuna jua, hakuna wewe."

Alisema umeme wenyewe ni uzito: mwenye umeme anabeba umeme wake kila aendako, na kuubeba kunamwongezea uzito. Kwa hiyo ingekuwa umeme tu, mwenye umeme ndiye angekuwa mzito. Lakini ndani ya chembe hizo kuna nyingine ndogo zaidi za aina mbili, na hizo nazo hazilingani uzito, zinavuta upande wa pili, na ndizo zinazoshinda. Umeme unavuta kiasi gani na hizo zinavuta kiasi gani, ndilo swali lenyewe. Waliomtangulia, wengi waliuacha umeme nje ya hesabu kwa kuwa ni mdogo na ni msumbufu. Yeye na profesa wake walikuwa miongoni mwa watu wachache waliojaribu kuutia ndani.

Na namna ya kuutia, hapo ndipo nilipolikumbuka daftari la mpishi. Alisema hawawezi kuhesabu dunia nzima, kwa hiyo wanachukua sanduku la kufikirika, wanaligawa vyumba vidogo vidogo kama karatasi ya hesabu, ila linakwenda pande zote na muda wenyewe nao umekatwa vyumba, wanaiweka chembe humo na kompyuta inapima. Sanduku halina ukuta. Ukitokea upande wa mashariki unaingilia wa magharibi. Nguvu nyingine za ndani ya chembe ni za karibu, hazifiki mbali, sanduku dogo linazitosha. Umeme unafika mbali sana. Unatoka upande huu unarudi kwa upande wa pili, chembe inajisikia yenyewe kama mtu anayeongea kwenye ghala tupu. Kwa hiyo uzito unaousoma sandukuni siyo uzito wa kweli, lazima urekebishwe, na yeye alikuwa amepima kwenye masanduku matatu, dogo, la kati na kubwa. Baada ya kurekebisha, yote matatu yanatakiwa yaseme uzito mmoja. Hapo ndipo unajua kazi ni safi.

Nilimwelewa vizuri sana hapo. Gunia moja, mizani tatu, jibu moja. Nikasema moyoni, kumbe mtoto wa kaka naye ni karani wa mizani.

Makuli wa ghalani walimpa jina la Profesa. Alipokuja kuniletea chakula walimpigia kelele. "Profesa, pima na mimi, nasikia nina umeme!"

"Wewe una pombe ya ulanzi tu," mwenzake anamjibu.

"Ulanzi nao si unaongeza uzito? Profesa, sema."

Yeye anacheka. Alikuwa na kicheko cha haraka haraka, kama anakiazima. Maana alikuwa na barua mfukoni, na barua ile ndiyo iliyokuwa ikimkondesha. Profesa wake alikuwa amemwandikia kwamba jedwali lote lililorekebishwa lifike kabla ya mwezi kwisha. Likifika likiwa sawa, atarudishwa kumaliza shahada. Lisipofika, au likiwa na kasoro, nafasi atapewa mtu mwingine, kwa sababu kuna watu wengi wanaisubiri. Ndivyo alivyonisomea. Akaikunja akairudisha mfukoni, na kila siku niliona mkono wake unakwenda kuigusa.

Nilimsaidia kunakili. Jioni baada ya kazi, na mchana wa Jumapili, tulikaa mezani yeye na kalkuleta, mimi na kalamu. Nilichoka, sikatai. Macho yangu yalikuwa yameanza kuona tarakimu mbilimbili. Alikuwa anaeleza, mimi nasinzia, naitikia "ndiyo" pale ambapo sauti yake inashuka. Mambo mengi aliyonieleza yaliingia nikiwa nimelala.

Zilibaki siku tano mwezi uishe, na jedwali limefika nusu, dereva wa lori la mbao akaleta ujumbe kutoka Ludewa. Mama amezidiwa, kijana aende. Ilikuwa masika. Barabara ya kule wakati huo, mvua ikinyesha, unaweza kulala njiani siku mbili unasukuma gari. Alisimama katikati ya chumba anatazama katoni zake na anatazama mlango.

Nikamwambia, "Nenda kamwone mama yako. Mimi nitamaliza."

"Baba mdogo, utaweza?"

"Nimepima magunia mangapi?"

Akaniandikia kanuni kwenye kipande cha karatasi, herufi kubwa. Kila mstari wa chembe yenye umeme: uzito uliosomwa, jumlisha marekebisho ya sanduku. Isiyo na umeme iache ilivyo. Nakili yote upya safi, nenda Njombe posta, tuma kwa faksi namba hii. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda lile lori la mbao, akaenda.

Sasa nisikilizeni, maana hii ndiyo sehemu ambayo sijamwambia hata mchungaji.

Niliketi na kalkuleta. Nikafanya mstari wa kwanza, nikasimama. Jumlisha? Nikaangalia kile kipande cha karatasi tena. Jumlisha. Nikajiuliza, mtu unapima kitu ndani ya sanduku, halafu uzito wa sanduku unauongeza? Na yeye mwenyewe alikwisha kuniambia umeme unaongeza uzito. Umeme ni kama maji kwenye mahindi. Unatoa. Chombo unatoa, maji unatoa. Nikazitazama kurasa alizozifanya mwenyewe, nazo zote amejumlisha. Nikasema, masikini, mtoto hana usingizi, mama yake anaumwa, amekosea tangu ukurasa wa kwanza na hakuna wa kumwambia.

Kwetu, msomi humwambii umekosea. Hasa msomi wa ukoo, ambaye watu walichangia kuku na viazi aende shule. Ukimwona amevaa shati nje ndani, unamwita pembeni, au unaligeuza wakati amelala. Ghalani pia tulifanya hivyo: karani mkubwa akiandika vibaya, mdogo anarekebisha kimya, na kesho yake hakuna anayelizungumza, na huo ndio uungwana. Basi nikafanya uungwana. Nikatoa. Mistari yote nikatoa badala ya kujumlisha, na kurasa zake yeye nikazirudia upya nikatoa humo pia, ili kazi ifanane na asiaibike mbele ya wazungu. Siku nne. Nilimwomba tajiri ruhusa akanipa, akasema, "Elimu ni ibada, mzee, nenda." Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wakati wowote maishani mwangu. Hakuna hata mfuto mmoja.

Nikapanda basi la Njombe asubuhi. Baridi ya Njombe mwezi ule ilikuwa inaingia mpaka kwenye meno. Dada wa posta alipokea zile karatasi akanisalimu kikwetu, "Kamwene baba. Haya yote ni ya faksi? Umeandika wewe?" Nikasema ndiyo. Nilijisikia mtu. Mashine ikazivuta karatasi moja moja, nami nikasimama pale mpaka ya mwisho, kisha nikaenda sokoni nikanywa chai ya maziwa peke yangu, kama mtu aliyemwoza binti yake.

Shemeji hakufa. Alipona polepole, ndiyo habari njema ya mwaka ule. Kijana alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, viatu vimekufa kwa tope. Aliniuliza, "Ilikwenda?" Nikamwambia yote ilikwenda. Akaniinamia kichwa kama anavyoinamiwa baba. Mpaka leo nikilala nakiona kile kichwa.

Jibu lilichukua muda. Alikuwa anakwenda Njombe kila Ijumaa kuangalia sanduku la posta. Ijumaa moja akarudi akanikuta ghalani, akakaa juu ya rundo la magunia, akanitafsiria barua. Profesa alisema masanduku matatu hayakubaliani. Kabla ya kurekebishwa yalikuwa yametofautiana kidogo, na baada ya kurekebishwa yametofautiana zaidi, na hilo dogo ndilo lililokwenda mbali kabisa. Kwa hiyo kuna kosa kubwa katika kazi nzima, pengine tangu kwenye kompyuta. Anamshukuru kwa juhudi zake. Nafasi imeshapewa mwingine.

"Nimeharibu mahali," akasema. "Sijui wapi. Miezi kumi na nne ya kompyuta, baba mdogo."

Kuli mmoja akapita na gunia begani. "Profesa, leo hupimi?" Akaikunja barua.

Nilijua? Nilijua palepale. Hilo dogo ndilo lililokwenda mbali. Ukirekebisha vibaya gunia la marekebisho makubwa, ndilo linaloharibika zaidi. Hata mtu wa darasa la nne anaona. Lakini sikusema. Nilisema, "Pole, baba." Siku hiyo, na iliyofuata, na wiki nzima. Alikuwa anaamka anafungua katoni, anasoma karatasi za kompyuta mstari kwa mstari akitafuta kosa ambalo halikuwa humo. Nakala yangu hakuifungua hata mara moja, alimwamini karani wake. Mke wangu alikuwa anamwekea uji unapoa. Mimi nakwenda kazini, naandika magunia, kila tajiri akisema "Toa gunia" nasikia kama ananitukana. Uchovu wa kupima nilikuwa nimeuzoea. Ule ulikuwa mwingine, hauishi kwa kulala.

Siku ya kumi akaja ghalani kuniletea chakula. Nilikuwa nimemaliza lori, tajiri yuko msikitini, makuli wamelala kivulini. Nikamwambia. Nilisema haraka, kama mtu anayetema kitu.

"Sikujumlisha. Nilitoa."

Hakuelewa kwanza. "Ulitoa nini?"

"Sanduku. Nilidhani umesahau. Nikatoa yote, na kurasa zako nikazirudia."

Aliweka bakuli chini. Akachukua kalamu sikioni kwangu, akavuta gunia tupu akakaa, akaandika nyuma ya karatasi ya kupimia, kutoka kichwani, mistari mitatu: dogo, la kati, kubwa. Akajumlisha. Nilikuwa nimesimama juu yake nikiona. Tarakimu ya kwanza ilifanana, ya pili ikafanana, ya tatu ikafanana. Uzito mmoja.

"Yanakubaliana," akasema polepole.

"Basi mwandikie. Mwambie ni mimi, mzee mjinga wa mizani."

"Nafasi imeshakwenda. Mtu ameshafika pale, ameshakaa." Halafu akasema, bila ukali, kwa sauti ileile aliyokuwa akinifundishia Jumapili, "Sanduku linakata umeme, baba mdogo. Umeme ulitaka kwenda mbali, sanduku halina nafasi. Kwa hiyo sehemu ya uzito haipimiki. Ni kama kupima ng'ombe miguu yake ya nyuma ikiwa chini ya mizani. Ndiyo maana unaongeza. Nilikueleza."

"Labda nilikuwa nimesinzia."

"Labda." Akatazama zile tarakimu tatu. "Kwa nini hukuniuliza? Ungeniandikia. Malori ya Ludewa yalikuwa yanakuja."

"Nilitaka usiaibike."

Akacheka. Siyo kile kicheko cha haraka haraka. Hiki kilitoka chini kabisa, kirefu, mpaka kuli mmoja akafumbua jicho. Akajipangusa macho, akanirudishia kalamu yangu sikioni palepale alipoitoa, kwa uangalifu, kama unavyomvisha mtoto kofia.

"Kula, baba mdogo, kinapoa," akasema.

Akainuka, akajikung'uta vumbi la mahindi kwenye suruali. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anatoka kidogo. Nikamwona akipita kati ya malori mawili ya Songea, akasimama kumpisha mtu wa mkokoteni, akavuka barabara kuu pale njia panda bila kugeuka, mikono mitupu, na hakurudi tena, si kwangu wala kwa mama yake.